Mistari ya Mkaa

Nimetumwa kuupima mlima kabla haujajengwa.
Nina kamba, daftari, na fimbo ya namba nyekundu
anayoishika Magesa, kijana wa Musoma,
asiyejua kusimama wima.
"Nyoosha!" namwambia. "Siyo wewe. Fimbo."

Juu, kati ya mawe ya Bugarika,
zitapanda ghorofa tisa, familia sitini na nne.
Mchoro una miti ambayo haijawahi kuota huku,
na mtoto wa karatasi anaendesha baiskeli
pale ambapo leo wamelala mbuzi.
Hauonyeshi choo kinaelekea wapi.

Hiyo "wapi" ndiyo kazi yangu.

Watu mara lita. Toa kinachonywewa na bustani,
jumlisha kinachopenya mvua ikinyesha:
elfu thelathini na mbili kwa siku, na ushee.
Bomba lililopo ni la inchi sita.
Lilitambazwa juu ya mwamba, maana mwamba ulikataa sururu,
likavikwa zege, na watoto hulipanda kama ngazi
wakienda shule.
Nililiwekea sikio alfajiri, watu wanapooga.
Linaguna
kama mgeni aliyeshiba anayesongewa ugali mwingine.

Kisha mvua.
Jiwe halinywi. Bati halinywi.
Udongo ulikuwa unakunywa kidogo,
nao watautandikia vitofali vyekundu
ili magari yasichafuke.
Tone litakalodondoka kwao
litafika Mabatini kabla mwenyewe hajafunga dirisha.

Mabatini, nyuma ya mashine ya kusaga,
nilibisha hodi kwa Nyanzala, mpangaji.
Nikauliza kwa adabu, kwa kuzungukazunguka,
masika ikija, msalani huwa kunakuwaje.
Akacheka mpaka akaweka ungo chini.
"Mficha uchi hazai, mwanangu. Uliza."

Akasema wa juu husubiri radi.
Ikipiga, wanatoa kizibo, wanatapisha vyoo.
"Mvua inabeba. Inabeba mpaka kwangu, hapo inachoka."
"Na wewe unafanyaje?"
Akautazama Mirongo, mweusi,
umebeba chupa na kandambili moja ya mguu wa kushoto.
"Na mimi nina wa chini yangu."

Sikuandika hilo. Nilikunja tu ukurasa.

Akatuvuta ndani. Ukutani, nyuma ya pazia la kitanda,
mistari ya mkaa:
wa kwenye kifundo, mwaka aliohamia,
wa kwenye goti, alipokuwa na mimba ya Shija,
mmoja mfupi, uliokatishwa, hakutaka kuusemea,
na wa juu kabisa, wa godoro.
Hakuna tarehe hata moja.
Magesa akaiegemeza fimbo ukutani,
na kwa mara ya kwanza siku ile ikasimama wima.
Mita moja na sentimita nne.
Akaisoma polepole, kama jina la marehemu.

Fomu ina visanduku vitatu.
Athari: kubwa, wastani, ndogo.
Bosi alipiga simu saa nne, akapiga saa sita.
"Mteja anataka Ijumaa. Nawe unajua anachotaka."
Najua. Mimi si shujaa,
nina kodi, nina ada ya muhula wa pili,
na saini yangu haijawahi kuzuia hata tofali.

Katika ukurasa wa thelathini na moja, chini ya vyanzo vya takwimu,
nikaandika: Ukuta wa Nyanzala. Mkaa.
Nikarudi kwenye visanduku. Nikaweka alama kwenye "kubwa",
kwa penseli.
Penseli hufutika. Sikuitafuta kalamu,
nami sijui kama ulikuwa woga au uchovu.

Hata ziwa, nilikumbuka, lina wa chini yake, huko Jinja.
Ila kabla ya Jinja kuna pampu,
nayo hukaza mwendo usiku kucha
kuyarudisha maji mlimani.

Nikafungua bomba la ofisi, nikajaza glasi,
nikaielekeza dirishani kwenye mwanga,
nikaiangalia sana.

Nikanywa. Nilikuwa na kiu.